Barua kwa Mwalimu: Shule ya nyota mbili yenye wanafunzi 190

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Naandika kutoka Columbus, Ohio. Nina binti wa miaka 10, yuko darasa la tano, na Agosti ijayo anaanza shule ya kati. Tuliyopangiwa kwa mtaa wetu ni shule ya umma, ndogo sana: wanafunzi 190 tu kuanzia la sita hadi la nane, jengo la zamani la matofali mekundu, dakika nane kwa mguu kutoka nyumbani. Kwenye kadi ya ripoti ya jimbo ina nyota mbili. Basi hapo ndipo maneno yalipoanza. Akina mama wa jumuiya yetu wananiambia ile si shule, ni mahali pa kuhifadhia watoto. Mmoja amenionyesha shule nyingine ya wilaya, ya wanafunzi 900, nyota nne, iko upande wa pili wa mji na nafasi hupatikana kwa bahati nasibu. Mwingine anasifia shule ya chata, yaani ya fedha za umma lakini inayojiendesha nje ya wilaya, ambayo watu wake walikuja hadi mlangoni kwetu wakigawa mabegi. Mume wangu anasema tuhame kabisa, tukapange nyumba kwenye vitongoji vya nje hata kama kodi itatukaba.

Mimi nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Asubuhi moja nikitoka kazini nilipita pale shuleni kuulizia fomu. Sekretari alinikaribisha kiti, akauliza jina la binti yangu, akaliandika, kisha akaniuliza linatamkwaje, akalirudia mpaka likakaa sawa. Nilitoka nimeipenda shule. Nilipofika nyumbani nikaona aibu, kwamba naipenda shule kwa sababu ya sekretari.

Binti yangu ni mpole, anapenda sana hesabu, na bado anapewa msaada wa Kiingereza. Kiingereza changu mimi ni cha kazini, si cha mikutano. Naomba unisaidie: shule kama hii mtu anaipimaje?

Mama wa binti mmoja, Columbus

JIBU

Marahaba, mwanangu. Aibu iondoe. Mtu aliyetaka kujua jina la mtoto linavyotamkwa amekupa habari ambayo kadi ya jimbo haina pa kuiandika. Ila hiyo ni habari moja, na shule haiendeshwi na sekretari peke yake. Tuitafute iliyobaki.

Nilifundisha shule ya msingi Korogwe miaka 11. Huku Ohio nimefanya kazi miaka 14 ya kuunganisha shule na familia: kupiga simu majumbani, kukaa na wazazi kwenye vikao, kumfuata mtoto aliyeacha kuja. Nimekaa kwenye shule ya watoto 1,100 na nimekaa kwenye shule ya watoto 160. Wanangu wawili wamepita humo humo. Haya nitakayokueleza, mengi niliyaona na mengine yalinipata.

Tuanze na nyota, kwa sababu ndizo zinazokunyima usingizi. Ohio ilianza kuzipa shule nyota, moja hadi tano, mwaka 2022, na kadi mpya hutoka kila Septemba. Usiishie kwenye nyota ya jumla. Fungua ndani. Kwa shule ya kati utakuta vipengele vitatu: ufaulu, maendeleo, na kuziba pengo kati ya makundi ya wanafunzi. Ufaulu unakwambia watoto wangapi wamefika alama inayotakiwa kwenye mitihani ya jimbo, na kwa kiasi kikubwa ufaulu hufuata kipato cha nyumbani. Maendeleo yanakwambia jambo tofauti kabisa: mtoto alikuwa wapi, na amesogea kiasi gani kulinganisha na ilivyotarajiwa. Shule yenye nyota mbili za ufaulu na nne za maendeleo inapokea watoto walio nyuma na inawasogeza. Yenye nne za ufaulu na mbili za maendeleo inapokea watoto walioandaliwa vizuri na wazazi wao, halafu inawaacha palepale. Mimi mtoto wangu ningempeleka ile ya kwanza bila kusita. Kwa hiyo kabla hujamjibu mtu yeyote kwenye jumuiya, tazama nyota za maendeleo za shule yako na za ile ya wanafunzi 900. Inawezekana mjadala mzima ukageuka.

Sasa kuna jambo la shule ndogo ambalo wengi hawalijui, hata waandishi wa habari. Wanafunzi 190 kwa madarasa matatu ni kama 63 kila darasa. Tuseme 60 wamefanya mtihani wa hesabu wa darasa la sita. Mwaka huu wamefaulu 33, hiyo ni asilimia 55. Mwaka unaofuata wamefaulu 27, ni asilimia 45. Mtu akisoma atasema shule imeporomoka kwa alama 10. Lakini hao ni watoto sita, mwanangu. Watoto sita wanaenea kwenye gari moja la familia. Wawili walihama, mmoja alifiwa wiki ya mtihani, wengine walifika nchi hii Januari. Kwenye shule ya 900 watoto sita hawaonekani hata kidogo.

Ndiyo maana shule ndogo hujazana juu ya orodha za matokeo na hujazana pia chini. Miaka ya mwanzo ya 2000 Taasisi ya Gates ilimwaga fedha nyingi kuzivunja shule kubwa za Marekani ziwe ndogo, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba shule ndogo zimejaa kwenye zile bora. Mtakwimu Howard Wainer alionyesha kosa lilipo: mkiangalia mkiani mtazikuta pia, kwa sababu idadi ndogo hupanda na kushuka kwa urahisi, kama sarafu iliyorushwa mara kumi badala ya mara elfu. Siyo kwamba udogo hauna faida. Watafiti wa MDRC, shirika la utafiti wa kijamii la Marekani, waliofuatilia shule ndogo za sekondari za New York, wakilinganisha waliopata nafasi kwa kura na waliokosa, walikuta waliopata walihitimu kwa wingi zaidi. Ninachokuomba ni hiki: namba ya mwaka mmoja ya shule kama yako usiisome peke yake. Chukua kadi za miaka mitatu uziweke mezani pamoja. Na ukikuta kundi fulani la wanafunzi halina namba, usidhani wameficha kitu. Kundi likiwa na watoto chini ya 10 jimbo halilitangazi.

Namba zikishaisha kazi yake, anza kuhesabu watu.

Shule kubwa ni mfumo. Mtu akiondoka, mwingine anaziba. Shule ndogo ni watu wenyewe, kwa majina yao. Mwalimu wa hesabu wa darasa la saba pengine ni mmoja. Wa sayansi ni mmoja. Wakiwa wazuri, binti yako atakuwa mikononi mwa mtu anayemjua kwa miaka mitatu mfululizo. Wakiondoka, hakuna pa kukimbilia.

Nikupe yaliyonikuta. Mwanangu wa pili alisoma shule ndogo, jina nitalihifadhi. Ilikuwa shule nzuri na mpaka leo nasema hivyo. Alipokuwa la saba, mwalimu wake wa hesabu aliondoka Oktoba. Mtoto hakusema, watoto wa umri ule hawasemi. Ilikuwa Februari, nimechukua daftari lake nikitafuta karatasi tupu niandike namba ya simu. Ukurasa wa tarehe 11 Oktoba ulikuwa na milinganyo. Kalamu nyekundu imezungushia duara alama ya kutoa iliyosahaulika mbele ya 7, na pembeni imeandikwa, umekaribia, rudia hatua ya pili. Hatua ya pili ilikuwa imerudiwa chini yake, safari hii sawasawa. Ukurasa uliofuata mtupu. Uliofuata mtupu. Kisha zikaanza karatasi za fotokopi zilizochomekwa, sehemu na desimali, mambo ya darasa la tano, zote amezijaza kwa mwandiko wake mzuri na hata moja haijasahihishwa. Nilihesabu pamoja naye watu wa kujazia nafasi waliopita: tisa. Miezi minne. Na mimi katika miezi hiyo nilikuwa kwenye shule nyingine nikiwapigia simu wazazi wa watoto wengine.

Tangu siku ile, swali langu la kwanza shuleni ni nani anafundisha hesabu na ana miaka mingapi hapa. Wewe ambaye binti yako anapenda hesabu liulize mara mbili. Waulize pia mwaka jana waliondoka walimu wangapi, na mwaka juzi wangapi. Kwenye shule yenye walimu 14, wakiondoka watano kila mwaka, ndani ya miaka mitatu hiyo ni shule nyingine. Muulize mkuu wa shule yeye mwenyewe ana muda gani pale na aliyemtangulia alikaa muda gani. Wakuu wanne katika miaka mitano, mimi hunitosha kuvaa koti langu nikaondoka.

Na kuna sheria upande wako. Kama shule inapokea fedha za serikali kuu za Title I, zinazokwenda kwenye shule zenye watoto wengi wa familia za kipato cha chini, mzazi ana haki ya kuomba kuelezwa sifa za kitaaluma za mwalimu wa mtoto wake. Zaidi ya hapo, mtoto akifundishwa wiki nne mfululizo au zaidi na mtu asiyetimiza masharti ya leseni ya jimbo kwa somo na darasa hilo, shule inatakiwa ikujulishe. Mimi barua hiyo sikuiona. Wewe iulizie mapema: zikitokea, mnazituma kwa njia gani, na kwa lugha gani?

Bado tuko kwenye hesabu. Huku mtoto aliyeiva husoma aljebra darasa la nane, na hilo humfungulia njia ya hesabu za juu akiwa sekondari. Shule ndogo wakati mwingine haina watoto wa kutosha kujaza darasa la aljebra, kwa hiyo haliwekwi. Uliza hivi: mtoto wa la nane anayeweza aljebra mnamfundishia wapi? Majibu mazuri yapo ya aina nyingi. Tuna darasa la watoto 12. Wanakwenda sekondari jirani saa ya kwanza. Wanasoma kwa kompyuta na mwalimu fulani anakaa nao. Jibu lililowahi kunisikitisha ni la mkuu mmoja aliyeniambia, bado hatujapata mtoto wa namna hiyo. Shule yenye watoto 60 wa la nane kila mwaka haiwezi kukosa mtoto wa namna hiyo. Imekosa mtu wa kumwona.

Kuhusu Kiingereza cha binti yako, simama imara. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoanza na watoto wenye asili ya China huko San Francisco, ilisema kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha na kumwacha hivyo hivyo ni kumnyima elimu. Msaada anaopata ni haki yake, na utaendelea mpaka OELPA, mtihani wa jimbo wa kila mwaka kwa wanaojifunza Kiingereza, uonyeshe ameimudu lugha. Kitu cha kuuliza kwenye shule ndogo ni mwalimu wa Kiingereza yupo siku zote au anazunguka shule tatu, na wakimtoa mtoto darasani wanamtoa saa ya somo gani. Nimeona mtoto hodari wa hesabu akitolewa kila siku katikati ya hesabu kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo mwalimu wa Kiingereza alikuwa jengoni. Baada ya mwaka mmoja hakuwa hodari tena. Ratiba kama hiyo hurekebishika ikisemwa Agosti. Ikisemwa Machi imeshachelewa.

Uliza vivyo hivyo kuhusu muuguzi na mshauri wa wanafunzi. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, kwa hiyo wilaya hutazama shule ya 190 ikaamua nusu mtu inatosha. Jua siku zake ni zipi, na siku asipokuwepo mtoto anayelia anapelekwa kwa nani. Nataka usikie jina. Wakikujibu kuna utaratibu, uliza tena.

Sasa nenda ukakae pale. Zamu yako ya usiku hapa inakusaidia, kwa maana asubuhi uko huru. Usiende ile jioni ya kukaribisha wazazi yenye maputo. Omba siku ya kawaida, katikati ya wiki, saa tatu na nusu hivi. Omba usimame ukumbini wakati vipindi vinabadilika. Ni dakika tatu au nne tu, na ndizo dakika ninazoziamini kuliko maelezo yote ya ofisini. Kengele inalia, milango inafunguka, watoto wanamwagika. Walimu wako wapi? Wakiwa mlangoni mwa madarasa yao, mkono kwenye fremu, wakimwita huyu kwa jina, wakimgusa yule bega kwamba jana hukuja, una hali gani, hapo pana shule. Wakiwa wamebaki ndani mezani na ukumbi umeachiwa mlinzi mwenye redio, hiyo nayo ni habari. Kelele zisikutishe. Watoto wa miaka 12 wana kelele kila mahali duniani. Tazama mtoto mdogo kuliko wote anapitaje: katikati ya ukumbi, au amejibana ukutani?

Omba kwenda msalani, choo cha wanafunzi. Ukiambiwa kimefungwa mpaka mtu atafute funguo, uliza vingapi viko wazi kwa siku. Binti wa miaka 11 anaweza kuanza hedhi yake kwenye jengo hilo. Vyoo kufungwa kwa sababu ya watoto wanaovuta sigara za umeme kumekuwa jambo la kawaida siku hizi, na wanaoumia ni watoto wa kike wapole kama wako, ambao hawawezi kumwomba mwalimu wa kiume funguo mara tatu.

Ukutani kutakuwa na kazi za watoto. Simama usome moja mpaka mwisho. Tazama tarehe, kazi za Septemba zikiwa bado ziko ukutani Machi, ujue hakuna aliyezigusa. Tazama kama mwalimu ameandika lolote lenye maana, ameuliza swali, ameonyesha sentensi iliyokaa vizuri, au amebandika kibandiko tu chenye uso unaocheka.

Ofisini uliza mahudhurio. Mtoto anayekosa asilimia 10 ya muda wa masomo, yaani kama siku 18 kwenye mwaka wa siku 180, huhesabiwa kuwa mtoro sugu, na kila shule ina asilimia yake kwenye kadi. Asilimia yenyewe ikiwa kubwa isikukimbize, miji mingi ina tatizo hilo. Uliza nani huwapigia simu hao watoto, na siku ya ngapi. Uliza pia waliosimamishwa masomo mwaka jana ni wangapi na kwa makosa gani. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani zimeonyesha miaka nenda miaka rudi kwamba wanafunzi weusi husimamishwa kwa wingi kuliko sehemu yao darasani, na hilo halikwepeki kwa kuhamia shule ya nyota nne. Ile ya 900 iulize swali hilohilo kwa sauti ileile.

Nisikufiche upande mgumu wa udogo. Darasa la watoto 63 lina wasichana kama 30. Binti yako akikosana na kundi lake, hana meza nyingine ya kwenda kula. Kwenye shule kubwa angepata watu wapya; hapa atakutana na walewale kila kipindi mpaka la nane. Mwambie mshauri akueleze ugomvi wa wasichana wa mwaka jana ulikwishaje, bila majina. Akiwa na mfano halisi, na mwisho wake, anaijua kazi. Upande wa pili wa mizani, mwanangu wa kwanza kwenye ile shule ya 1,100 alikuwa akijificha maktaba kipindi cha sayansi kwa wiki tatu kabla mtu hajagundua. Kwenye shule ya 190 kiti kitupu kinaonekana.

Hao wa chata walioleta begi, waambie ahsante. Shule zao nazo ni za umma kwa fedha na zina kadi ileile ya jimbo, kwa hiyo maswali ni yaleyale, na ongeza moja: mmekuwepo miaka mingapi? Ohio imeshuhudia shule za chata zikifunga milango katikati ya mwaka. Ile ya mtandaoni iliyokuwa na wanafunzi wengi kuliko zote ilifungwa Januari 2018 na maelfu ya watoto wakatafutiwa pa kwenda.

Baba yake ana haki ya kuogopa, usimkatalie hofu yake. Mwonyeshe tu hesabu yote. Kule nje kodi itapanda, wewe utaongeza zamu, na mtoto atakuwa mgeni upya. Kuhama shule kwenyewe kuna bei: Jonah Rockoff na Benjamin Lockwood walichapisha mwaka 2010 utafiti wa New York ulioonyesha kwamba watoto waliohamia shule za kati walirudi nyuma kwenye hesabu na Kiingereza ukiwalinganisha na waliobaki kwenye shule moja mpaka la nane. Mwaka wa kwanza ndio wa hatari. Kwa hiyo kila shule utakayoitazama, iulize wiki mbili za kwanza za darasa la sita zinakwendaje, nani anawaonyesha kabati, nani anawapokea saa ya chakula. Halafu kuna usingizi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2014 kwamba shule za kati na sekondari zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, kwa kuwa mwili wa mtoto anayebalehe huchelewa kulala wenyewe. Shule ya ng'ambo ya mji maana yake ni kituo cha basi gizani wakati wa baridi, mtoto peke yake, wewe bado uko njiani kutoka ghalani. Hii ya dakika nane, utafika, utamsuka nywele, mtatembea naye.

Mimi ningekuwa wewe, fomu ya bahati nasibu ningeijaza, nisijifungie njia. Lakini kama mwalimu wa hesabu wa la sita yupo na anabaki, nyota za maendeleo zinafikia tatu, na wana jibu la aljebra, binti yangu angetembea hizo dakika nane. Kama mwalimu huyo hayupo, nafasi imetangazwa na wanatumaini, ningesubiri majibu ya kura kabla ya kuamua.

Kiingereza chako kisikurudishe mlangoni. Unapopiga simu kuomba miadi, sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na taja Kiswahili kwa jina, maana wengine wataleta wa Kisomali wakidhani mtaelewana. Akiwa wa kwenye simu ni sawa. Mtoto asiwe mkalimani, hata akijitolea. Mambo mengine unayouliza yanamhusu yeye na hapaswi kuyabeba. Wakisema siku hiyo hayupo, omba siku nyingine. Maswali yako yaandike kwa Kiswahili kwenye karatasi, uyasome moja moja, uandike majina unayotajiwa.

Mwisho, waombe binti yako akae darasani nusu siku, pamoja na mwanafunzi wa la sita. Shule nyingi ndogo hukubali. Akirudi usimuulize kama ameipenda, atakujibu chochote ili ufurahi. Muulize alikula na nani, na anaitwa nani.